Kamera Mlimani: Historia ya Filamu za Theluji na Vilele

Filamu za milimani zina umri unaokaribiana na ule wa sinema yenyewe. Miongoni mwa maonyesho ya kwanza ya sinema ya kulipia ni yale yaliyofanyika Paris mwaka 1895, na haikupita miaka kumi kabla kamera haijapandishwa kwenye milima ya Alps. Mwingereza F. Ormiston-Smith alikuwa mmoja wa waliofanya kazi hiyo mwanzoni kabisa mwa karne ya 20, na filamu zake fupi zikawaonyesha watu wa mjini mambo ambayo hapo kabla waliyasoma vitabuni tu.

Ugumu wa kazi hiyo haukuwa wa kupanda peke yake. Kamera ya zama hizo ilikuwa sanduku zito lililokaa juu ya miguu mitatu ya mbao, na mpigapicha aliizungusha kwa mkono, tena kwa mwendo usiobadilika, hata kama vidole vimekufa ganzi. Mkanda wake uliweza kuwaka moto upesi, lakini kwenye baridi kali ulikakamaa na kukatika. Mafuta ya kulainishia mitambo yaliganda. Hewa kavu ya juu ilizaa umeme tuli, na cheche zake ziliacha alama kwenye picha. Zaidi ya yote, kila kifaa kilipaswa kubebwa mgongoni mwa mtu. Nani aliyebeba ni swali linalopita katika historia yote ya filamu hizi, kwa maana kwa miaka mingi waliobeba kamera hawakuhesabiwa miongoni mwa waliopanda.

Filamu za kwanza za safari zilizowagusa watazamaji wengi hazikutoka milimani, zilitoka kwenye barafu ya Ncha ya Kusini. Herbert Ponting alifuatana na msafara wa Robert Falcon Scott ulioondoka Uingereza mwaka 1910. Kwa kuwa hakupangiwa kwenda hadi kwenye ncha, Ponting aliwaomba Scott na wenzake watatu wamwigizie karibu na kambi jinsi wanavyovuta sleji, wanavyopika ndani ya hema na wanavyoingia kwenye mifuko ya kulalia. Scott alifika kwenye ncha Januari 1912 akiwa na wenzake wanne, na wote watano wakafia njiani wakati wa kurudi. Maigizo yale yakageuka kuwa kumbukumbu yao inayotembea, na Ponting akayaingiza katika filamu yake ndefu ya mwaka 1924, The Great White Silence. Mwaustralia Frank Hurley, aliyekuwa na Ernest Shackleton, alipata mtihani wa namna nyingine. Meli yao, Endurance, ilipondwa na barafu mwaka 1915. Hurley aliingia kwenye maji ya barafu ndani ya mabaki ya meli ili kuokoa picha zake. Baadaye yeye na Shackleton walikaa chini wakachagua vioo vya picha 120 hivi na kuvunja vingine 400 hivi papo hapo, ili asije akashawishika kurudi kuvichukua. Filamu yake, South, ilitoka mwaka 1919.

Huko Himalaya mwanzilishi ni Kapteni John Noel, mwanajeshi wa Kiingereza aliyekuwa ameinyemelea Everest tangu mwaka 1913 akiwa amejibadilisha sura ili aingie Tibet bila kibali. Msafara wa Uingereza wa mwaka 1922 ulimchukua kama mpigapicha. Noel alisafisha mikanda yake huko huko mlimani ndani ya hema lililozibwa nuru, na kwa kuwa kuni hazipatikani katika nyanda zile, alikausha mikanda kwa joto la moto wa mavi makavu ya yaki. Alipandisha kamera hadi North Col, karibu mita 7,000 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo hakuna aliyekuwa amepiga filamu kabla yake. Msafara huo ulimalizika kwa msiba: tarehe 7 Juni maporomoko ya theluji yaliwaua wapagazi saba. Wazungu waliokuwa nao wote walinusurika.

Mwaka 1924 Noel alirudi kwa mpango mwingine kabisa. Aliilipa kamati ya msafara pauni 8,000 apewe haki zote za picha na filamu, fedha nyingi sana kwa wakati ule, nazo zikaugharimia msafara kwa sehemu kubwa. Hapo filamu iliacha kuwa kumbukumbu ya safari ikawa sababu ya safari kuwezekana. Jambo hilo halijabadilika mpaka leo. Noel alijenga maabara Darjeeling, na wajumbe wakawa wanashuka na mikanda kutoka mlimani ili isafishwe huko. Kwenye kamera yake alifunga lenzi ndefu ya kuvuta mbali iliyomwezesha kuwaona wapandaji wakiwa umbali wa kilomita kadhaa, watu wadogo weusi wakitambaa juu ya weupe usio na mwisho.

Tarehe 8 Juni 1924 George Mallory na Andrew Irvine walitoka kwenye kambi ya juu kuelekea kileleni, mwenzao wa msafara, Noel Odell, akawaona kwa muda mfupi kupitia mwanya wa mawingu, kisha hawakuonekana tena wakiwa hai. Waliokuwa chini hawakuwa na simu wala redio. Habari ilishushwa kwa ishara: mablanketi yalitandikwa juu ya theluji ya North Col kwa umbo la msalaba, maana yake hakuna tumaini. Waliokuwa kambi ya chini wakaisoma wakiangalia kwa mbali. Ni vigumu kupata katika sinema yote ya zama zile tukio zito kuliko hilo, na uzito wake unatokana na umbali. Mtazamaji haoni uso wa mtu, haoni kifo, anaona alama tu.

Filamu hiyo, The Epic of Everest, ilianza kuonyeshwa London Desemba 1924. Ili kuvuta watu, Noel alileta watawa saba wa Kitibeti wacheze ngoma zao za ibada jukwaani kabla ya filamu. Wakuu wa Tibet walikasirika. Watawa walikuwa wameondolewa nchini bila ruhusa, ibada imefanywa burudani, na ndani ya filamu kulikuwa na picha ya mwenyeji akila chawa aliowatoa kichwani mwa mtoto, jambo lililoonekana kuwa ni kuwadhalilisha Watibeti mbele ya ulimwengu. Vibali vikafungwa, na msafara mwingine wa Uingereza haukuruhusiwa Everest hadi mwaka 1933. Wenyeji walikuwa wameonyeshwa kama mapambo ya mlima, na gharama ya kosa hilo ililipwa kwa miaka tisa. Filamu yenyewe ilihifadhiwa, na mwaka 2013 Taasisi ya Filamu ya Uingereza ikaitoa upya baada ya kuikarabati.

Wakati Waingereza wakihangaika na Everest, Wajerumani walikuwa wanajenga aina kamili ya sinema juu ya theluji. Baba wa aina hiyo ni Arnold Fanck, daktari wa jiolojia aliyezaliwa mwaka 1889, ambaye mwaka 1913 alishiriki katika filamu ya kuupanda mlima Monte Rosa kwa skii. Mwaka 1920 yeye na wenzake walianzisha kampuni ya filamu mjini Freiburg, na mwaka huo huo wakatoa Das Wunder des Schneeschuhs, filamu juu ya maajabu ya kuteleza kwenye theluji. Haikuwa na hadithi. Ilikuwa na miili ya watu ikiruka, ikizunguka, ikiacha mistari safi kwenye mteremko, na mara kwa mara mwendo ukapunguzwa ili jicho lipate kuelewa. Watazamaji walijaa.

Fanck alikataa kupiga theluji ya bandia ndani ya studio, na hiyo ndiyo tofauti yake kubwa. Alitaka theluji ya kweli, upepo wa kweli na watu wanaojua kuteleza kweli, kwa hiyo aliwafundisha wanaskii kupiga picha badala ya kuwafundisha wapigapicha kuteleza. Sepp Allgeier na Hans Schneeberger waliweza kushuka na kamera mteremkoni pamoja na wachezaji, na hivyo mtazamaji akapata kwa mara ya kwanza kuona theluji inavyomjia usoni mtu aliye kwenye mwendo. Usiku, au ndani ya mapango ya barafu, waliwasha mienge ya magnesiamu iliyotoa nuru nyeupe kali, na barafu ikang'aa kwa namna ambayo macho ya mjini hayakuwahi kuiona. Hannes Schneider, mwalimu wa skii wa St. Anton nchini Austria, alionekana katika nyingi ya filamu hizo, na mtindo wake wa kuteleza ukaenea pamoja nazo. Watu wengi wa Ulaya walikwenda kujifunza skii kwa sababu waliwahi kuiona kwenye sinema.

Kilele cha kazi ya Fanck ni Die weiße Hölle vom Piz Palü ya mwaka 1929, aliyoiongoza pamoja na G. W. Pabst. Watu watatu wamekwama kwenye ukuta wa barafu wa mlima Piz Palü huko Uswisi, wanakijiji wanawatafuta usiku kwa mienge, na rubani Ernst Udet, shujaa halisi wa vita vya kwanza vya dunia, anazunguka na ndege yake mbele ya jabali. Pabst alileta hadithi na nyuso za watu, Fanck akaleta mlima. Kwa miezi kadhaa waigizaji walipigwa na baridi halisi na kumwagiwa theluji iliyoporomoshwa makusudi. Mmoja wao alikuwa Leni Riefenstahl, mchezaji wa dansi aliyeingia kwenye sinema ya milimani baada ya kuvutiwa na filamu ya Fanck ya mwaka 1924. Mwigizaji mwingine wa Fanck, Luis Trenker, mzaliwa wa Tirol ya Kusini aliyekuwa mwongozaji wa wapanda milima, naye baadaye akawa mtengenezaji wa filamu zake mwenyewe. Mwaka 1932 kundi la Fanck lilikwenda hadi Greenland kupiga SOS Eisberg kati ya majabali ya barafu yanayoelea baharini, likitegemea maarifa ya Wainuiti waliojua bahari ile.

Historia ya filamu hizi haiwezi kusimuliwa bila kivuli chake. Riefenstahl aliongoza filamu yake ya kwanza ya milimani, Das blaue Licht, mwaka 1932, na miaka mitatu baadaye akatoa Triumph des Willens, filamu ya kumtukuza Hitler na chama chake. Allgeier alikuwa miongoni mwa wapigapicha wake. Mwaka 1947 mhakiki Siegfried Kracauer, Myahudi aliyekimbilia Marekani, aliandika kwamba ibada ya kilele, ya kujitoa mhanga na ya kusujudia nguvu isiyohojiwa ilikuwa imekwisha kuziandaa nyoyo za watazamaji kwa yale yaliyokuja. Hukumu hiyo ni kali kupita kiasi ikielekezwa kwa kila filamu. Ile ya skii ya mwaka 1931, Der weiße Rausch, ni mbio za furaha za wanaskii wanaofukuzana mlimani, basi. Hata hivyo ufundi wa kumfanya mtu mmoja aonekane mkubwa kuliko binadamu, akipigwa picha kutoka chini huku mawingu yakipita nyuma yake, ulizoezwa milimani kabla ya kupelekwa uwanjani Nuremberg, ilikopigwa filamu ile ya Hitler. Schneider mwenyewe alikamatwa na Wanazi mwaka 1938, na mwaka uliofuata akahamia New Hampshire, Marekani, ambako aliendelea kufundisha skii.

Baada ya vita vya pili vya dunia mataifa yaliyojeruhiwa yalitafuta ushindi usio wa bunduki, na kila moja lilipanda na kamera. Wafaransa walifika kilele cha Annapurna mwaka 1950, Marcel Ichac akiwa mpigapicha wao. Waingereza walipeleka Everest mwaka 1953 mtengenezaji filamu Tom Stobart, na pale asipoweza kupanda zaidi, George Lowe wa New Zealand akaendelea na kamera ndogo. Lakini tarehe 29 Mei, Edmund Hillary na Tenzing Norgay walipokanyaga kilele, hapakuwa na kamera ya filamu. Kuna picha za mnato alizopiga Hillary, iliyo maarufu zaidi ikimwonyesha Tenzing ameinua shoka lake la barafu lenye bendera. Kwa hiyo The Conquest of Everest haionyeshi kilele kikishindwa. Inawaonyesha wenzao waliokuwa wakisubiri chini, na ishara ya mkono inayowaambia kwamba wamefika. Filamu hiyo iliingia kwenye kinyang'anyiro cha tuzo ya Oscar.

Waitaliano walifuata mwaka 1954 kwenye K2, na filamu ya safari hiyo, Italia K2, ikajaza kumbi mwaka uliofuata. Kilichokosekana ndani yake kilikuwa kikubwa kuliko kilichokuwemo. Mpagazi wa Hunza aliyeitwa Amir Mahdi, pamoja na Mwitaliano Walter Bonatti, walibeba mitungi ya oksijeni hadi zaidi ya mita 8,000, wakakosa hema walilotarajia kulikuta, na wakakesha nje juu ya theluji bila kifuniko. Mahdi alipoteza vidole vyake vya miguu. Wawili wa kileleni wakapokewa nyumbani kama mashujaa wa taifa, na ilichukua zaidi ya miaka 50 kwa chama cha wapanda milima cha Italia kukubali rasmi masimulizi ya Bonatti juu ya usiku ule.

Katika miaka hiyo hiyo filamu hizi zilipata makao. Tamasha la filamu za milimani lilianzishwa Trento, Italia, mwaka 1952, na lile la Banff, Kanada, mwaka 1976, nayo yote mawili yanaendelea. Marekani ilichukua njia ya biashara ya msimu. Warren Miller, kijana aliyetoka jeshi la majini na kuishi ndani ya tela kwenye maegesho ya magari ya Sun Valley, Idaho, alitoa filamu yake ya kwanza ya skii mwaka 1950. Alizunguka nayo mji hadi mji, akisimama ukumbini na kuisimulia kwa mdomo wake. Kwa miongo mingi filamu mpya ya Miller kila vuli ilikuwa ndiyo dalili ya wanaskii kwamba msimu unakaribia.

Mkutano wa skii na Everest ulileta filamu ya kwanza ya aina hii kushinda Oscar ya makala ndefu. Tarehe 6 Mei 1970 Mjapani Yuichiro Miura alishuka kwa skii kutoka South Col, karibu mita 8,000, akiwa na parashuti ya kumpunguzia kasi. Alianguka, akabiringika mamia ya mita kwenye barafu, akasimama akiwa hai. Kanada ikatengeneza kutokana na hayo The Man Who Skied Down Everest, iliyotoka mwaka 1975. Sherpa sita wa msafara ule walikuwa wamekufa kwenye maporomoko ya Khumbu mwezi mmoja kabla. Mteremko wa Miura ulichukua dakika mbili na ushei. Jina lake ndilo lililobaki.

Afrika Mashariki iliingia kwenye mkondo huu kwa nadra. Mwaka 1943 wafungwa watatu wa kivita wa Kiitaliano, Felice Benuzzi akiwa mmojawao, walitoroka kambini Nanyuki, wawili kati yao wakapanda hadi Point Lenana ya Mlima Kenya na kusimika bendera yao, kisha wote wakarudi wenyewe kambini. Kisa hicho kilifanywa filamu ya kuigiza, The Ascent, mwaka 1994. Kilimanjaro kwa upande wake ilitumika kwa muda mrefu kama mandhari ya nyuma. The Snows of Kilimanjaro, filamu ya Hollywood ya mwaka 1952, ina kilele kwenye jina lake, lakini hakuna anayekipanda.

Hali hiyo ilibadilika kwa mkono wa Mmarekani David Breashears. Mwaka 1996 alipandisha Everest kamera ya IMAX iliyopunguzwa uzito hadi kilo 19 hivi. Mkanda wake mmoja ulitosha sekunde 90 tu, kwa hiyo kila picha ilipangwa kwanza kichwani, halafu mkanda ukabadilishwa kwa vidole vitupu kwenye baridi ya mauti. Tarehe 10 na 11 Mei dhoruba iliua watu wanane wa misafara mingine, na kundi la Breashears likaacha kupiga filamu likatoa oksijeni yake na kusaidia uokoaji. Tarehe 23 Mei lilifika kileleni likiwa na Jamling Tenzing Norgay, mwana wa Tenzing. Everest ilitoka mwaka 1998 na ikaingiza zaidi ya dola milioni 100. Miaka minne baadaye Breashears alitoa Kilimanjaro: To the Roof of Africa, inayowafuata wapandaji kutoka msituni hadi kwenye barafu ya mita 5,895, wakiongozwa na Mchaga Jacob Kyungai. Kwa wapagazi wa mlima ule, ambao wenyewe huitana wagumu, haikuwa jambo dogo kuona mwenyeji akitangulia mbele ya kamera badala ya kupita pembeni na mzigo kichwani.

Karne ya 21 ilileta kamera ndogo za kuvaliwa kofiani na baadaye droni, na picha za juu zikawa rahisi kupatikana. Swali likahamia kwenye dhamiri. Touching the Void ya mwaka 2003 iliwaleta Joe Simpson na Simon Yates wasimulie wenyewe jinsi Yates alivyolazimika kukata kamba huko Siula Grande, Peru, mwaka 1985, na Simpson akatambaa kwa siku kadhaa na mguu uliovunjika. Katika Free Solo ya mwaka 2018 Alex Honnold anapanda jabali la El Capitan, California, karibu mita 900, bila kamba. Jimmy Chin na wapigapicha wenzake walikuwa rafiki zake, na waliogopa kwamba kuwepo kwao kungeweza kumwua. Sehemu ngumu kuliko zote ilipigwa kwa kamera isiyo na mtu karibu yake, na aliyekuwa chini na lenzi ya mbali aligeuza uso. Filamu ikapata Oscar, na inastahili, kwa sababu hofu ya mpigapicha imeingizwa ndani ya hadithi badala ya kufichwa.

Lakini mabadiliko makubwa zaidi yamekuja kwa wabebaji. Jennifer Peedom alikwenda Everest mwaka 2014 kupiga filamu juu ya Sherpa kazini. Tarehe 18 Aprili maporomoko ya barafu yakaua wafanyakazi 16 wa mlimani, na waliobaki wakagoma kuendelea na msimu. Sherpa, iliyotoka mwaka 2015, inawasikiliza wao na familia zao, na inaonyesha bila kupunguza jinsi baadhi ya wageni waliolipia walivyoshindwa kuelewa. Mwaka 2021 ilitoka 14 Peaks, juu ya Nirmal Purja aliyepanda, akisaidiana na wenzake wa Nepali, milima yote 14 inayozidi mita 8,000 ndani ya miezi sita na siku chache, nyingi ya picha zikiwa zimepigwa na wapandaji hao wenyewe. Mwaka 2023 ikafuata filamu ya Lucy Walker juu ya Lhakpa Sherpa, aliyepanda Everest kwa mara ya kumi Mei 2022, mara nyingi kuliko mwanamke mwingine yeyote kufikia wakati huo. Lhakpa alianza kazi ya milima akiwa mpagazi.